Mzigo wa Kurudi

Mihayo aliendesha malori miaka ishirini na sita, akamaliza salama, kisha kilichomshinda kikawa kukaa. Pingili za mgongo zilipomgomea na daktari akamkataza usukani, alirudi nyumbani kwake Isaka, akatulia barazani wiki mbili, halafu akaanza kumkosoa mkewe. Theopista alikosolewa anavyokata mchicha, akavumilia. Alikosolewa anavyofunga geti, akavumilia. Siku aliyoelekezwa namna ya kugeuza chapati, alifungua kibubu chake akamtolea nauli.

"Nenda Geita kwa rafiki zako, Baba Kamili. Kapunge upepo."

Alirudi na droni ndani ya ndoo.

Ilikuwa kwenye ndoo kwa sababu haikuwa nzima. Marselino, mnunuzi wa dhahabu aliyefahamiana naye tangu enzi za safari, aliinunua kwa mbwembwe, akairusha mara moja, ikagonga tangi la maji la jirani, akaapa hataki kuiona tena. Mihayo aliomba vipande vyake. Miezi saba alishinda navyo sebuleni. Alibadilisha mapanga yanayoirusha, akaunga betri kwa seli alizochomoa kwenye kompyuta mbovu, akasimamisha antena juu ya mti mrefu wa mwanzi, na mchicha ukakatwa kwa amani. Kibali cha kurusha alikifuatilia mpaka akakipata, kimeandikwa njia na siku, akakitia plastiki kama cheti cha ndoa. Mtu aliyepita vizuizi vyote vya barabara ya Rusumo hatoki nyumbani bila karatasi.

Wenye droni wengine hupiga picha za maharusi wakikata keki. Mihayo hakuona maana ya kuruka juu ya keki. Yeye alitaka mwendo. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, anavaa ile miwani mizito inayomwonyesha kinachoonwa na kamera, na mara anakuwa juu. Chini yake makontena ya Isaka yamepangwa, rangi rangi. Reli inanyooka. Majaruba ya mpunga yanameremeta, njia za ng'ombe zinakatiza huku na kule, na vumbi la lori moja linamfuata dereva asiyejua kama anatazamwa na mwenzake. Kwenye kona Mihayo alilala upande pamoja na kiti. Mguu wake wa kulia ulikanyaga udongo kana kwamba pedali ya mafuta iko pale, hata shimo dogo likachimbika. Alikuwa na furaha, jamani, furaha ya mtoto aliyepewa baiskeli, na mgongo haukumuuma hata kidogo.

Pembeni yake alikaa Donatus. Huyu alikuwa utingo wake kwa miaka kumi na miwili, sasa ni mtu mzima mwenye bodaboda yake na kitambi chake. Tarakimu za betri zilikuwa ndogo mno kwa macho ya Mihayo, kwa hiyo Donatus alizisoma kwenye skrini na kuzitangaza. Walianza na kilomita moja, wakaenda mbili, wakaenda nne. Halafu Mihayo akasema maneno aliyokuwa ameyaficha moyoni tangu siku ya ndoo.

"Nataka niende Mwanguku na kurudi."

Donatus aliguna. Mwanguku ni kilomita tisa, na ndiko anakokaa Bibi Paskazia, mama yake Theopista.

Hapo pana habari, na haifai kuiruka. Miaka kumi na minne iliyopita baba mkwe wake Mihayo alifariki. Mihayo alikuwa Burundi na mzigo. Walipompigia simu kumuuliza yuko wapi, alijibu jibu ambalo madereva wote hulijibu, tena bila nia mbaya: "Niko karibu." Akasema yuko Lusahunga, kumbe hata mpaka hajavuka. Basi msiba mzima ukamsubiri mkwe mkubwa. Walisubiri saa moja, wakasubiri saa tatu, jua likiwaka, wazee wakihamisha viti kufuata kivuli, na kila wakipiga simu yuko karibu. Mwishowe wakazika. Mihayo alifika kesho yake asubuhi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilikuwa fupi kupita kiasi.

Tangu siku hiyo Bibi Paskazia hakusema naye. Mihayo akienda ukweni alikaribishwa, alipewa maji ya kunawa, aliletewa kuku. Mama mkwe mwenyewe alibaki ndani ya jiko na kutuma maneno kupitia kwa binti yake. Hata jina alimpa. "Mwambie Niko Karibu chakula tayari." Watu wazima walicheka chinichini, Mihayo naye alicheka, na usiku alipolala lilimkaa kooni. Alimpenda yule mama. Alitamani kabla mmoja wao hajaondoka duniani, walau mara moja amwite Baba Kamili kama watu wengine.

"Nimwonyeshe kwamba naweza kuondoka na kurudi kwa wakati," alimwambia Donatus. "Ndicho ninachotaka. Basi."

Mipango ilipangwa kwa akili za dereva. Theopista alitangulia kwa mama yake Ijumaa ili aipokee droni Jumamosi asubuhi. Ukweni hakuendwi mikono mitupu, kwa hiyo Mihayo alifunga chini ya droni kipakiti cha ugoro, ule anaoupenda bibi, akakipima kwenye mizani ya duka la jirani. Akapiga hesabu ya betri: kwenda na mzigo, kurudi tupu. Malori yote ya Isaka huishi hivyo. Yanakwenda magharibi yameinamia matairi, yanarudi yakirukaruka kama mbuzi.

Saa mbili asubuhi aliruka. Upepo ulikuwa umelala. Alipita reli, akapita kichuguu kikubwa cha njia panda, akapita bwawa, na simu ikiwa wazi alimsikia Theopista akipiga kelele, "Naiona! Mama, njoo uione!" Mihayo aliishusha taratibu katikati ya ua uliofagiliwa mistari mistari, akazima mapanga.

"Hamsini na saba," alitangaza Donatus. "Bosi, tunarudi na akiba!"

Kwenye miwani, Mihayo aliona miguu miwili mikavu ikitoka jikoni. Ilikuja mpaka mbele ya kamera, ikasimama, kisha uso wa Bibi Paskazia ukainama ukajaa kote. Miaka kumi na minne hakuwahi kuutazama kwa karibu hivyo, na kwa adabu ya ukwe alijikuta anainamisha kichwa pale kitini.

"Mwangaluka," bibi aliisalimia droni.

"Shikamoo, mama," alijibu Mihayo kule Isaka, ingawa droni haina mdomo.

Bibi alifungua ugoro, akanusa, akapiga chafya mbili za kuridhika. Akamwambia binti yake kitu kwa Kisukuma, akaingia ndani. Mihayo alingoja. Upepo ukaamka, ukaanza kuutikisa mwanzi wa antena. Bibi akatoka na kifurushi cha kitambaa cha khanga, akapiga magoti mbele ya droni na kuanza kukifunga pale pale ulipokuwa ugoro, fundo juu ya fundo, kwa utulivu wa mtu asiyedaiwa na mtu.

"Theopista," Mihayo alinong'ona, "mama anafanya nini?"

"Anakufungashia michembe."

Donatus alijishika kichwa. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, si mzigo mzito ukiubeba begani. Angani ni habari nyingine.

"Kiasi gani?"

"Kama nusu kilo. Alitaka kuweka na karanga, nimemkatalia."

Mihayo akalowa jasho. Alikuwa amepiga hesabu ya upepo, ya joto, ya uchakavu wa seli. Akasahau kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza wa kule anakijua, kwamba mkwe haruhusiwi kuondoka mikono mitupu. Na mtu aliyekunyima neno miaka kumi na minne akikufungia chakula kwa mkono wake, unakirudishaje?

"Bosi, mwambie shemeji aitoe," Donatus alisihi. "Kwa mzigo huu hatufiki. Droni inapotea! Miezi saba!"

Mihayo aliitazama ile mikono kwenye miwani, ikikaza fundo la mwisho na kulipapasa.

"Mwambie mama wabeja sana," alimshukuru kwa Kisukuma kupitia kwa mkewe. "Msogee, nawasha."

Akakata simu, na droni ikainuka kwa kunung'unika. Ilipanda kama lori kwenye mlima, na Mihayo akaiendesha kilori: polepole, chini chini, akijificha nyuma ya miti upepo usimpige usoni, akiteremka mabondeni ili apumzishe mashine. Kitambaa cha khanga kilipepea pembeni ya kamera. Donatus alitangaza namba kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Arobaini. Thelathini na moja. Ishirini na mbili, na bwawa hawajaliona. Mguu wa Mihayo ulikuwa umezama kwenye lile shimo hadi kifundo. Walivuka bwawa na kumi na nne.

"Tisa, bosi. Sita! Shusha, shusha!"

Aliishusha juu ya kichuguu cha njia panda, kilomita tatu na nusu kutoka kiti chake. Ilitua vizuri, lazima nimpe haki yake. Kamera ilikuwa bado hai, na Mihayo aliona ng'ombe mwekundu akiacha wenzake, akaja, akanusa. Ulimi mrefu ukapita mbele ya kamera. Halafu ng'ombe akaanza kutafuna michembe ya mama mkwe, na khanga yake.

Hapo hapo simu ikaita. Ilikuwa namba ya Theopista, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya kizee, nzito, isiyozoea simu na kwa hiyo ikipiga kelele.

"Umefika?"

Donatus alitikisa kichwa kwa nguvu, akanong'ona, "Sema umefika! Nitaifuata na pikipiki, nani atajua?" Neno lenyewe lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Mihayo, limekaa mahali pake pa miaka ishirini na sita. Alilimeza. Lilikuwa chungu.

"Sijafika, mama," alisema. "Wala siko karibu. Nimeishiwa moto njiani. Nipo juu ya kichuguu cha njia panda, na ng'ombe anakula michembe yako."

Mihayo alifumba macho ndani ya miwani na kusubiri kukatiwa. Badala yake alisikia kitu kama mlango mbovu ukifunguliwa, kikaendelea, kikakua, na alichelewa kutambua kwamba mama mkwe wake anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, Theopista akasikika akimpiga mgongoni.

"Ng'ombe wa rangi gani?" aliuliza alipopata pumzi.

"Mwekundu, mama. Pembe moja imekatika."

"Huyo ni wa jirani yangu, mwizi tangu ndama!" Akacheka tena. Kisha sauti ikashuka. "Miaka kumi na minne. Leo ndiyo mara ya kwanza najua uko wapi."

Mihayo alivua miwani akajifuta macho waziwazi. Donatus kwa heshima akageuka kutazama makontena.

"Michembe ipo mingine," bibi aliendelea. "Uje uichukue mwenyewe, leo. Lakini sikupikii ukiwa huko. Ugali ukipoa hauliki. Utaniambia ulipo, nami nitajua lini niweke maji."

Walipanda bodaboda, Mihayo amejifunga mgongo kwa mkanda wake wa daktari, Donatus akiendesha kama aliyebeba mayai. Kwenye kichuguu waliikuta droni nzima, mapanga yote manne, imelowa mate. Kipande cha khanga kilikuwa kimebaki kwenye fundo; Mihayo alikifungua akakitia mfukoni. Hatua chache mbele, tairi la nyuma likapata pancha.

Simu ikaita. "Uko wapi?"

"Hatua hamsini kutoka kichuguu, mama. Tumepata pancha. Donatus anaziba. Tutachelewa nusu saa, labda zaidi."

"Haya. Sijaweka maji."

Waliziba, wakaondoka, wakafika bwawani. Mihayo alimwomba Donatus asimame, akapiga simu mwenyewe.

"Tumefika kwenye bwawa, mama. Bado kilomita nne. Hatujavuka."

Upande wa pili alisikia kuni zikisukumwa mafigani, na maji yakimiminwa kwenye sufuria.

"Njoo basi, Baba Kamili," alisema Bibi Paskazia. "Ndiyo nainjika."