Usiniimbe Tena

...msaliti, kalirudia tena, hii ni mara ya sita au ya saba tangu Yasmin aanze kumchambua nywele, Zainabo ameshaacha kuhesabu, msaliti, msaliti, kana kwamba neno lenyewe ni pipi na Chaquir analimung'unya asitake liishe, na ile koluna yake ya muziki kaiweka juu ya kasha pale kwenye kibanda anachotengenezea simu, hatua tano tu kutoka baraza hii, na kaielekeza huku, kwa nini huku, mtaa una pande nne na yeye kachagua upande wenye mwanamke asiyeweza kuondoka, maana kichwa kimeshashikwa, kulia rasta zimeshuka mpaka begani, kushoto nywele zimesimama wima kama za mtu aliyekurupushwa usingizini, na nani atainuka hivyo akapite sokoni, Palma hii ndogo, kesho angekuwa kichekesho mpaka Olumbi, basi inabidi akae, ainamishe shingo, asikilize vijana wawili wenye ndevu zao wakibishana tangu adhuhuri juu ya albamu moja, wanavyopaza sauti utadhani kuna mirathi inagawanywa... "Ametuuza, mano, ndugu yangu, sikiliza nikwambie, Mano Pweza katuuza," anasema Chaquir, "ile ya kwanza, Siku Tano Porini, ile ndiyo albamu, kachana ukweli mtupu, njaa, risasi, watu waliobaki njiani, na sasa hii Sukari na Ndimu ndiyo nini, wimbo wa kwanza mapenzi, wa pili mapenzi, wa nne bajia, bajia, Hélio! Mwanamume na akili zake anachana juu ya bajia!" na Hélio, kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye leo hana mteja na hata angekuwa naye angemwacha na povu shavuni aje kubishana, anacheka na kusema, "Wewe sikio huna, sikiliza ala, sikiliza anavyoshusha sauti mwishoni, mtu kakomaa, ulitaka alie mpaka lini?" na Chaquir, "Mpaka amalize," na Hélio, "Amalize nini?" na Chaquir anarudi kwenye neno lake, msaliti.

Ala! Ala na sauti! Wanajua nini hawa, Pweza wanamjua wapi, yeye Zainabo anamjua, alikuwa akimbadilishia shuka mpaka yuko darasa la tatu, Fauzi, mdogo wake wa tumbo moja, amezaliwa Mucojo chumba kilekile alichozaliwa yeye, na hilo jina la Pweza wanalolichora kwenye fulana hakupewa na mashabiki, alipewa na mama yao kwa sababu mikono yake ilikuwa inafika kwenye kila sufuria, lakini hapa Palma nani ajue, yeye alikuja hapa kwa ndoa, akajulikana kwa jina la mume, na Zainabo hajamwambia mtu, hata Yasmin, hata huyu Yasmin anayemvuta nywele sasa na kusema kwa sauti ya chini, "Mimi huo wa bajia naupenda, dada, wewe je?" na Zainabo anajibu, "Sijausikia," na ni kweli hajausikia, Fauzi kamtumia tangu Jumatatu, kaandika dada umesikia, kisha dada umesikia, kisha alama ya kuuliza peke yake, na yeye hajafungua, hataki, anaogopa, hapana, haogopi, kachoka tu... kachoka na siku tano porini, siku tano za nani jamani, za Fauzi? Fauzi siku zile yuko Nampula, chumba cha kupanga, feni inazunguka, anakula kuku wa kuchoma na piripiri, mji uliposhambuliwa aliyetoka Palma mbio na kanga moja ni yeye, aliyetembea kwenda Nangade ni yeye, mwezi wa tatu wa mwaka ule, na walipofika akaazima simu ya mtu akampigia mdogo wake, akamwambia kila kitu, kila kitu mpaka betri ya watu ikafa, maana nani mwingine angemwambia, mume alikuwa bado hajaonekana, mama ameshakufa, akamwambia walivyolamba umande kwenye majani ya mihogo, akamwambia mzee aliyeketi chini akasema nyinyi tangulieni, akamsikia Fauzi akilia upande wa pili kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa kwikwi, na miezi minne baadaye Zainabo yuko Mueda, kwenye foleni ya maji, ndoo mkononi, simu ya msichana mmoja inaimba tulilamba umande, na anayeimba anasema mimi, mimi nilitembea, mimi nililamba, mimi... na wanawake foleni nzima wanajifuta macho kwa ncha za kanga, mmoja anasema Mungu ambariki huyu kijana, yeye amepita tulikopita, na Zainabo akashika ndoo yake akanyamaza, ungesema nini, ungesema nirudishieni umande wangu?

Na angenyamaza hivyohivyo mpaka leo, wallahi, kama si ile harusi ya mwaka juzi, watu wameketi mkekani, pilau imeshapakuliwa, mwanamke mmoja pembeni yake simu ikalia ndani ya mkoba, na mlio wenyewe ni sauti ya Fauzi, mama yuko nyuma, tembea, mama yuko nyuma, tembea, hayo ndiyo maneno yaliyolia mkobani, na yule mwanamke akaitoa simu taratibu, mikono ina mafuta, akacheka, akasema aló... aló! Maneno ambayo Zainabo aliyasema siku ya tatu, kwenye kijito, kwa mtoto wa watu, ilhali anajua kwamba nyuma hakuna mama, nyuma hakuna mtu, maneno ambayo hakupata kumwambia hata mumewe aliporudi, yamekuwa kengele ya kumwita mtu aje kuulizwa kama ndizi zimetosha, na pilau ikamshinda, akatoka nje, akampigia palepale nyuma ya ukuta, akamwambia, "Usiniimbe tena, Fauzi, usiniimbe mimi, usiiimbe njia ile, usimwimbe mtu yeyote niliyekuwa naye," na Fauzi, "Sawa, dada," basi, sawa dada, na Fauzi huyohuyo aliyeahidi kuacha sigara akaahidi tena, aliyeahidi kumjengea mama kaburi la saruji, ahadi zake zote ni moshi, hii moja kaishika, kaishika kwa meno, miaka miwili hakuandika mstari wa njia ile, na sasa kaja na ndimu na sukari na wanamwita msaliti, anatukanwa kwa sababu yake yeye, aliyekaa hapa na kichwa nusu, na angeweza kusema, angeweza kugeuza shingo tu aseme nyie, mimi ndiye niliyemfunga mdomo, nitukaneni mimi... "Tulia, dada, mstari utapinda," anasema Yasmin, na anambana kichwa kwa magoti kama mbuzi anayekatwa kwato, na Hélio anasema, "Hebu tuusikilize wenyewe, mano, usitukane usichokisikia mpaka mwisho," na kabla Zainabo hajapata pa kujificha koluna inakohoa, ngoma inaingia, nyepesi, kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko, na sauti ile, sauti aliyoifundisha yeye kutamka:

Mama kakaanga, moshi umejaa jikoni,
nikaiba moja, moto ukanibaki mdomoni,
kapigwa dada yangu, mimi niko uvunguni...

Mwongo! Uvunguni wapi, jiko la mama lilikuwa na uvungu? Alijificha nyuma ya pipa la maji, na ulimi umeungua hawezi hata kulia, anapepea kwa mkono, na mama akageuka na mwiko, akaona bajia imepungua, akamwona Zainabo, umri miaka kumi na moja, amesimama kama mwizi, akamchapa paja, mara moja tu lakini mwiko ulikuwa na mafuta, alama ilikaa wiki, na kutoka nyuma ya pipa jicho moja linamwangalia, kubwa, linaomba asiseme, na yeye hakusema... anaimba hilo? Hilo ndilo aliloketi miaka miwili akaandika? Kicheko kinampanda, anakibana, kinatokea puani, Yasmin anauliza nini, hakuna kitu, na palepale hasira inamrudia maradufu, maana alimwambia usiniimbe na huyu kamwimba, kaizunguka ahadi kama maji yanavyolizunguka jiwe, kamtoa porini kamrudisha jikoni kwa mama, jiko ambalo halipo, nyumba yenyewe imebaki kuta zilizoungua na magugu, na sasa ajue vipi kama akasirike au ashukuru, mtu huyu hampi hata nafasi ya kukasirika vizuri, na Hélio anatikisa kichwa, "Unaona? Unaona hiyo?" na Chaquir ananyoosha mkono, anaizima koluna, tap.

"Wewe unasikiliza ala," anasema Chaquir, na sauti yake imebadilika, haigombani tena, "mimi nasubiri jibu," na Hélio, "Jibu la nini, mano?" na Chaquir, "La mtoto. Ile albamu ya kwanza, wimbo wa mwisho. Kuna mtoto wa kike, kakutwa peke yake, kabebwa mgongoni siku ya tatu kuvuka kijito, akishushwa anaambiwa mama yuko nyuma, tembea. Wimbo unakwisha hawajafika. Alifika au hakufika? Miaka minne nasubiri aseme. Kaja kunieleza habari za bajia." Hélio anacheka kidogo, si kwa ubaya, "Ni wimbo tu, huenda katunga," na Chaquir anachukua bisibisi, anaiweka chini, anaichukua tena, "Kwako ni wimbo. Mimi mdogo wangu Nafissa alikuwa na miaka mitatu na nusu. Mama kambeba, mimi niko mbele na godoro, kiherehere cha nini sijui, godoro. Mama tulimwona Nangade. Nafissa hatukumwona, mama alianguka, alipozinduka mtoto hayupo. Kwa hiyo kila nikiupiga wimbo ule nahesabu. Siku ya tatu. Kijito. Mtoto wa kike, mdogo, wa kubebeka. Inalingana, Hélio. Nimehesabu mara ngapi, inalingana."

Na vidole vya Yasmin vimesimama nyweleni, na Hélio anatazama viatu vyake, na Zainabo... Zainabo alimwona huyu kijana mlaji wa misiba, alidhani anautafuna msiba wa watu na kutaka aongezewe, kumbe miaka yote hii anausikiliza kama tangazo la aliyepotea linalosomwa redioni, anategea sikio jina lake litajwe, na jina halitajwi, na aliyesema lisitajwe ni nani... usimwimbe mtu yeyote niliyekuwa naye, alisema hivyo, nyuma ya ukuta wa harusi, kwa ulimi wake... na jina analo, analo hapa kooni, Kátia, uzi mwekundu na msalaba wa bati shingoni, mtoto wa Kimakonde aliyekuwa akiuliza kwa Kimakonde na kujibiwa kwa Kiswahili, alifika, ndiyo, alifika, bibi yake Luzia alimtambua kwa kikohozi kabla hajamwona uso, sasa yuko Mueda, darasa la pili, meno ya mbele yametoka, kila Idi bibi yule hupiga simu na kila Krismasi yeye hupiga, mtoto huwekwa kwenye simu akasema aló tiya, halo shangazi, kisha asiseme kingine, alifika, Chaquir, na si wako, jibu lote ni hilo, nusu yake utaipokea kwa mikono miwili na nusu ya pili itaiangusha ya kwanza, na akimwambia atamnyang'anya wimbo, na asipomwambia Chaquir atahesabu mpaka azeeke, siku ya tatu, kijito, inalingana, na nani alimpa haki ya kumwacha mtu anahesabu hivyo, alidhani njia ile ni yake, aliifungia kama sanduku, akaweka ufunguo kifuani, kumbe ndani kuna vitu vya watu... atamwambia, lazima amwambie, lakini si jina kwanza, kwanza amuulize Nafissa alikuwa amevaa nini, nywele zake zilisukwaje, alikuwa na kilema, kovu, wimbo aliopenda, maana watoto walikuwa wengi, hilo hakumwambia hata Fauzi, walikuwa wengi, mmoja chini ya mkorosho siku ya pili na mwanamke mwenye mtungi, wawili wameshikana mikono kwenye shamba la mihogo, mmoja juu ya baiskeli ya mzee fulani, na siku zile yeye alitazama visigino vya aliye mbele yake tu, visigino tu, ili asione, lakini jicho huona hata ukilikataza, uso wa Nafissa uko humo, lazima uwe humo, na Yasmin anaanza tena kusuka polepole, na koluna imezimwa, na Zainabo ameinama palepale alipokuwa, moyoni anatoka Palma asubuhi ile na kanga moja, anaifuata njia hatua kwa hatua kuelekea Nangade, na safari hii anainua uso, anatazama kila mtoto usoni, mmoja mmoja, taratibu, bila kumruka hata mmoja.