Mama wa Kukodi

Darasa zima la udaktari lilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Habari za nani kaachana na nani zilianzia kwake. Ila jambo moja alilifungia moyoni: akisikia mama analia "amka baba, usinifanyie hivi," mikono inakufa ganzi. Ndivyo mama yake alivyolia siku mdogo wake wa mwisho alipokata roho sebuleni. Hilo alimwambia Sukari tu, shoga yake aliyepanga naye chumba, usiku mmoja wakipakana rangi kucha.

Siku ya mtihani wa dharura mwalimu akawakumbusha, "Presha ikipanda, shusha pumzi, taja unachokiona, mikono ifanye kazi. Atakayeganda, wodi ya dharura ataisikia kwa wenzake."

Sanamu ya mtoto ililazwa kitandani, mashine ikipiga kelele. Chiriku akakandamiza kifua, safi kabisa. Mara akaingia mwanamke aliyekodiwa kuigiza mama, akajibwaga sakafuni. "Amka baba, usinifanyie hivi."

Mikono ikasimama. Chiriku akamtazama Sukari, aliyeshika mfuko wa hewa upande wa pili. Sukari akatazama viatu vyake.

Hapo akajua. Akashusha pumzi, akasema kwa sauti kavu, "Naona mtoto hapumui. Naona mama analia. Naona mtu aliyeniuza." Mikono ikarudi kazini mpaka kengele ya mwisho.

Nje, Sukari akamkimbilia. "Shoga, usininunie bwana. Mwalimu alituuliza wote mwenzako anaogopa nini, ili tuzoee hapa kabla ya kule. Na si umefaulu?"

"Mimi pia aliniuliza habari zako."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia wewe huogopi kitu." Chiriku akavua glavu. "Na yako nayajua yote, Sukari. Mpaka yale ya baba yako."

Sukari akageuka kutazama mlangoni kama kuna aliyesikia.

Mwalimu akatoka akipanga watu wawili wawili kwa ajili ya wodi. "Nyie mapacha najua hamuachani."

"Mimi niweke na Kobe," Chiriku akasema.

Kobe alikuwa yule kijana ambaye hata akipiga miayo anachelewa kumaliza. Kila mtu alimkwepa. Akageuka, macho yamemtoka. "Mimi? Dada, hata salamu hatujawahi kupeana."

"Ndiyo maana," akajibu Chiriku. "Twende."