Faili Lililobaki Nachingwea

Mimi si mwepesi wa kusifu watu, lakini Klementina nitamshukuru mpaka nizikwe.

Mwaka 2007 tulikuwa kwenye shirika dogo la visima, Nachingwea. Klementina aliiandika ripoti yetu kwa maandishi matupu, bila rangi wala mapambo. Palipotakiwa jedwali aliweka mstari mmoja tu, wa kuiamuru kompyuta iendeshe faili jingine lenye programu aliyoitunga mwenyewe. Programu hiyo ilipiga hesabu za umbali wa maji kwa kila kijiji na kuleta majibu palepale kwenye ripoti.

Siku ya wafadhili nikaenda Ruangwa na flashi. Ripoti nimebeba, takwimu nimebeba. Faili la programu nikalisahau ofisini, na ofisi nimeifunga mwenyewe, ufunguo uko mfukoni mwangu. Nilipofungua ripoti kwenye kompyuta ya wenyeji wetu, penye jedwali pakatokea maneno mawili: faili halipo. Wafadhili walikuwa wanaondoka mchana uleule. Bila jedwali, Narung'ombe, kijiji ambako wanawake walidamka alfajiri kufuata maji, isingepata kisima.

Aliyeijua programu ile kwa kichwa ni Klementina peke yake, naye alikuwa kwao Lionja. Mama yake alizikwa jana yake. Nikapiga simu huku nikiona aibu.

"Pole na msiba, mdogo wangu," nikasema, kisha nikamweleza lililonikuta.

Vilio vilikuwa vikubwa mno, sikusikia alichojibu. Nikasikia akiwaambia kina mama maneno machache kwa Kimwera, na nyumba nzima ikatulia.

"Andika, dada," akasema. "Fungua mabano."

Alinitajia mstari kwa mstari, sauti imemkauka kwa kulia, mpaka mwisho. Nikaendesha ripoti. Jedwali likajaa, Narung'ombe ikawa juu kabisa, na wafadhili wakaikubali kabla hawajapanda gari.

Jioni nikafika Lionja. Kabla sijamwona Klementina, jirani yao mmoja, Mwamina, akanishika mkono.

"Wewe ndiye wa simu? Alituomba tunyamaze kidogo, kuna wenzetu wanatafutiwa maji. Wameyapata?"

Nikamwambia wameyapata. Akawageukia wenzake akawaeleza. Wakanisogezea nafasi mkekani, kisha wakaendelea na kilio walichokikatisha kwa ajili yangu, nami nikalia nao.