Maji ya Kwanza ya Asubuhi

Sinki ilikuwa imelowa. Mama Chupa aliiona kabla hata hajaweka kasha lake chini. Wenzake katika ofisi ya maji walimbandika jina hilo kwa sababu ya chupa za sampuli alizozunguka nazo mtaa kwa mtaa, na asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya nyumba ya mdogo wake.

Sinki ilipaswa kuwa kavu. Maji anayoyataka mpimaji ni yale yaliyolala, yaliyokaa ndani ya bomba usiku kucha pasipo mtu kugusa koki. Hayo hayajui kuficha. Mabomba ya zamani yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi huyatia sumu polepole watu wakiwa usingizini, na sumu hiyo humharibu mtoto akili bila kupiga hodi. Maji hayo yakimwagwa kwanza, sumu huondoka nayo na chupa ya mpimaji haionyeshi kitu.

"Umefungua maji?" aliuliza.

Mdogo wake alikuwa na mtoto mgongoni na uso uliojaa furaha. Alisema ameyaachia yatiririke tangu alipoamka, mpaka yakawa ya baridi, kama alivyoagizwa.

"Umeagizwa na nani?"

"Si ofisi yenu, dada? Walipiga simu jana. Wakasema mpimaji anakuja, tumwandalie maji mazuri. Nikajua ni wewe, nikasema nisikutie aibu."

Hasira zilimpanda Mama Chupa. Sasa alielewa kwa nini kila jiko aliloingia juma lile lilikuwa na ndoo zilizojaa pomoni alfajiri yote ile, na wenye nyumba wamesimama kando wakisubiri kusifiwa. Yeye akajaza chupa zake, akashukuru, akaondoka, hana hili wala lile. Walimfanya mjinga, na akawasaidia.

Alipomwendea ofisini, mkuu wake hata hakukana. Alimkaribisha kiti, akamweleza kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Sheria mpya ilikuwa njiani, na kiwango cha risasi kinachoruhusiwa kingeshushwa sana. Sampuli zikionekana mbaya, ofisi italazimika kufukua mitaa yote ya mabomba ya zamani. Zikionekana nzuri, kila mtu atalala salama.

"Huko ndiko kujiandaa," alisema. "Halafu, mama, hayo maji yaliyolala nani anayanywa? Mtu akiamka ananawa uso kwanza, anasuuza sufuria. Hayo ya kwanza hayafiki kinywani mwa mtu."

Lililomchoma zaidi Mama Chupa ni kwamba lile changa la macho lilikuwa na sura ya akili. Alitoka bila kuaga, akapanda tena njia ya kwa mdogo wake huku anajisemea barabarani, na watu wanampisha.

Alimkuta sakafuni, anamlisha mtoto.

"Siku zote," alimuuliza, "yale maji ya kwanza kabisa ya asubuhi unayafanyia nini?"

"Nakorogea maziwa ya unga ya mtoto," alijibu mdogo wake. "Si ndiye anayetuamsha wote humu ndani? Ila usihofu, nayachemsha."

Kuchemsha hakuiondoi risasi. Mama Chupa aliichomoa chupa ya maziwa kinywani mwa mtoto, na mtoto akaangua kilio. Mdogo wake alishtuka, akauliza kulikoni. Alipoelezwa akawa anampangusa mtoto midomo kwa upindo wa nguo yake, anapangusa na kupangusa mahali palipokwisha kukauka.

"Lakini ni wewe uliyeniambia maji yenu yamepimwa," alisema.

Mama Chupa alirudi ofisini, akazimwaga chupa zote za juma lile kwenye sinki ya chooni, moja baada ya nyingine. Kisha akaketi kwenye ile simu iliyotumika kutoa maagizo na kuanza kuzipigia nyumba zilezile. Alisema ni ofisi ya maji. Alisema maagizo waliyopewa kwa simu yalikuwa ya uongo. Kesho koki isiguswe mpaka afike mwenyewe, na mtoto asipewe chochote kilichotoka humo.

Mkuu alisimama mlangoni, koti mkononi. Aliuliza anampigia nani. Akauliza tena kwa sauti ya juu, akamwambia aikate simu hiyo sasa hivi kama bado anaitaka kazi.

Mama Chupa alimwinulia kiganja asubiri, maana upande wa pili kulikuwa na mwanamke aliyetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Ndiyo, mama," alimwambia. "Hayohayo ya kwanza. Mwanao ana umri gani?"