Sindano ya Kumi na Mbili

...na hii ndiyo ya kumi na mbili, hakuna nyingine, kijimto cha sindano kimebaki kitupu, nilizitunga uzi zote kumi na mbili asubuhi pale dirishani kabla hawajaja, jua likinipiga usoni, kila moja kwa kubahatisha, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, nikazichomeka moja moja nikasema zitatosha, shanga zilizobaki ni chache, zitatosha, kumbe uzi wa hii ya mwisho unakuja kukatika mbele yao, na shanga tatu bado, tatu tu, pembeni mwa shela, pale pale ambapo watu wote watapatazama bibi harusi akigeuka, na bibi harusi mwenyewe ndiye huyu juu ya stuli, binti wa dada yangu, mikono kaitanua kidogo asikunje neti, ananingoja, na mimi nina sindano mkono mmoja na uzi mkono mwingine na tundu silioni. Silioni. Nimelamba uzi, nimeukata ncha, nimeinua sindano kwenye mwanga, tundu halipo, kuna kijiti kinachong'aa na ukungu basi... tulia, usitetemeke, neti inapeleka mtetemeko mpaka begani kwake, "Mama mdogo, mbona umenyamaza, umeniharibia?" sijakuharibia, simama wima, na sauti imetoka sawa, hata mimi nimeishangaa. Dada yangu kaketi kitandani nyuma yetu, anasimulia habari za viti tangu alipoingia, dada yangu akianza kusema hata redio huona haya, "tumeagiza mia mbili na hamsini, kaleta mia mbili na kumi, nikamwuliza, hawa arobaini waliobaki watakaa juu ya samahani zako?" na bibi harusi anacheka, shela linatikisika, shanga zinameremeta, upande wa kulia zinameremeta, upande wa kushoto hakuna kitu, kuna pazia.

Lilikuja asubuhi hii, chini kwenye kona ya jicho la kushoto, weusi mdogo, nikadhani ni unywele nikaufuta, nikadhani ni ncha ya kilemba nikaisukuma nyuma, kisha nikakiona kilemba kiko kwenye msumari mlangoni na kichwa changu kiko wazi, na weusi uko pale pale, nikakaa chini ghafla, nikashika meza, na tangu hapo limekuwa likipanda, nusu ya uso wa mwanangu huyu siioni nikimtazama sawasawa, naona kidevu hakuna, mdomo unaanza kupotea, anatabasamu kwa nusu. Na yule mama mpima miwani aliniambia, wiki mbili zilizopita, nilipokwenda kwa ajili ya zile cheche za mwanga zilizoanza kunirukia jichoni, alizima taa akanimulika, akasema nenda hospitali kubwa wiki hii hii, nikasema harusi ikipita, akaniambia, "Mama, ukiona kama pazia linashuka au linapanda, usingoje harusi, usingoje hata kesho, siku hiyo hiyo. Ukichelewa, jicho halirudi." Nikacheka! Nikamwambia Waswahili wanasema macho hayana pazia. Akanitazama tu, hakucheka, na mimi nikatoka na mkoba wangu wa shanga nikijisifu kwa mzaha wangu. Jicho la kulia nalo tangu zamani ni msindikizaji tu, likifumbwa la kushoto dunia nzima inakuwa uji. Leo ni Alhamisi. Harusi Jumamosi. Siku mbili, jicho gani halivumilii siku mbili... halivumilii, alisema, siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo ndiyo hii, na saa zinakwenda, nami niko hapa na shanga tatu.

"Mama mdogo, na hii nakshi uliiokota wapi?" Kauliza tena. Nyumbani kwetu hawasemi nimebuni, wanasema nimeokota, na kweli naokota, kola ya shangazi yao niliiokota kwenye kitunguu kilichokatwa katikati, ukingo wa mapazia ya sebuleni ni alama za tairi kwenye tope, gauni la ubatizo la yule mtoto wa jirani ni povu la sabuni lililokuwa linapasuka kwenye karai, nikaacha nguo zimelowa nikakimbilia penseli, na maua ya kadi za mwaliko wa harusi hii, zote nimezikata kwa mkono, ni kutu ya geti letu, kutu tupu, dada kazitazama akasema fundi mzima unatuletea kutu harusini, halafu akaficha moja kwenye mkoba wake. Basi kila kitu lazima kiwe na mahali kilipookotwa, ndio mchezo wetu, nimemjibu, "Kwenye chujio la chai." Anaamini. Vijidoa, na vinyuzi vilivyojikunja, na vijiduara vyenye kitobo katikati, vinaelea kutoka begani kushuka mpaka kwenye pindo, kila aliyeviona amesema hajawahi kuona kitu kizuri kama hiki... nilikuwa nimelala chali natazama dari, dari nyeupe, nikaona vijidoa vinaelea, nikigeuza jicho vinakimbia, nikituliza jicho vinashuka taratibu, nikavichora kwenye mfuko wa unga kabla havijapotea, nikafurahi, Mungu wangu, nilifurahi, nilidhani nimeokota kitu kumbe ni jicho langu linabomoka, na mimi nimekaa mwezi mzima nalitarizi, shanga kwa shanga, ugonjwa wangu nimemvika mtoto wa dada yangu kichwani, na Jumamosi watasimama wote kuupigia vigelegele.

"Kwani bado nini?" dada anasema, "maana nataka kumpigia huyu wa viti," bado tatu, nasema, uzi tu, namalizia. Namalizia. Nimejaribu tena, uzi umepita pembeni, umenigusa kidole, nimejaribu tena. Mama alikuwa na namna yake ya kulamba uzi, alikuwa fundi cherehani, meza yake ilikuwa chini ya taa, akilalamika taa mbovu, badilisheni taa, tukabadilisha taa mara tatu mwaka ule, kisha akaanza kuniita asubuhi kabla ya shule, njoo mama, nitungie, ananiita mama mimi wa miaka tisa, natunga sindano kumi, kumi na mbili, ananipa kijiko cha sukari mkononi, nailamba barabarani mpaka shuleni, na siku moja kanishika shavu, kalitafuta kwanza hewani ndipo kalipata, akasema, "Usimwambie dada yako. Atahangaika bure, ana mitihani." Dada alikuwa shule ya bweni. Sikumwambia. Mimi ni mtunza siri hodari, sukari ile nilistahili. Dada kaja likizo, kamkuta mama anamimina chai pembeni ya kikombe, anamimina tu, inatiririka mezani mpaka sakafuni, na mama anatabasamu anamkaribisha, dada akanigeukia mimi, sio mama, mimi, "Ulijua?" Nilijua. "Tangu lini?" Na daktari naye kasema mngemleta mapema, basi likizo nzima dada hakunisemesha, baadaye alinisamehe, anasema alinisamehe, ila mpaka leo tukigombana hata kwa ajili ya sufuria nalisikia lile ulijua limelala chini ya maneno. Na mama miaka kumi na minane kipofu kwenye kiti chake, anashika pindo la nguo ya kila anayepita, anauliza mshono huu wa nani, anaujua mbaya kwa kidole, anaunyamazia. Mimi nitashika nini? Kitunguu hakishikiki ndani. Kutu ukiishika ni vumbi. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi hata siku ya kujifungua.

Bibi harusi kainama. Amekunja goti moja juu ya stuli, uso wake umekaribia, nusu uso, ananong'ona mama yake asisikie, "Unatetemeka, mama mdogo. Kuna nini?" na sentensi imeshafika kwenye ulimi wangu, nzima, imepigwa pasi, nitungie mwanangu, usimwambie mama yako, atahangaika bure, ana viti... ni sauti ya mama, hata lile kuvuta pumzi kabla, na mtoto huyu ni mwema, angetunga, angenyamaza, angekwenda na siri hiyo Jumamosi chini ya shela akitabasamu kwa wageni mia mbili na hamsini, na siku mama yake atakapomgeukia... la. Huyu hapana. Sukari hiyo simpi. Dada nyuma yangu, "...halafu eti gari la viti limeharibika, nikamwambia avibebe hata mgongoni," na nimefungua mdomo, siyo kwa mtoto, nimeyapitisha maneno juu ya bega langu mpaka kitandani, nimesema kwa sauti, "Dada. Njoo unitungie uzi."

Habari za viti zimekatika katikati. Sijageuka, nimeishikilia sindano juu pale pale ilipokuwa, bibi harusi hajainuka, neti imekaa kati yetu na shanga zake zote nzuri, na tatu hazijashonwa. Vyuma vya kitanda vimelia, amesimama. Hajauliza. Simsubiri aulize. "Cheche tangu wiki mbili," nasema, "na pazia tangu asubuhi hii, na wamesema siku hiyo hiyo, dada, naogopa," na nyayo zake zinakuja upande wa kushoto, ule nisiouona.