Gorfa ya Kabale Kisiwani

Kabale alianza kukiota kisiwa wiki mbili kabla ya kukiona. Alikiota mchana, ameketi mahali pake katika soko la maziwa la Isiolo, madumu ya maziwa ya ngamia kutoka Kipsing yamepangwa mbele yake, jua limemlegeza mpaka wateja wakadhani anawadharau. Katika ndoto kisiwa kilikuwa kinaelea. Kilisogea polepole juu ya maji, na binti yake Nasteha alisimama ukingoni akitazama upande wa pili. Kabale alimwita, sauti haikutoka. Kisha mtu alimgusa bega na kuuliza kama maziwa ni ya leo, naye akaamka na kumjibu vibaya.

Isiolo si mji wa kuficha safari, na ya Kabale kwenda Lamu ilijulikana soko zima. Hezekiah, jirani yake mwenye duka la vyombo, ambaye bahari aliiona kwenye kalenda tu, ndiye aliyejifanya mjuzi.

"Mama Wario, huko Lamu mjini hakuna matatu. Ni punda na boti tu. Na ubebe maji ya kunywa, ile ya bahari ni chumvi tupu."

"Chumvi si ni mzuri? Ngamia yangu ingefurahi sana."

"Wewe si ngamia."

Kabale alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Hofu yake haikuwa ya maji.

Miaka minne nyuma, Nasteha, mwalimu aliyepelekwa kufundisha Lamu, alipiga simu kusema amepata mchumba hukohuko. Kabale, kwa ule ulimi wake usio na breki, akamwambia, "Ukiolewa huko kwa maji, usinitafute." Harusini hakwenda. Tangu siku hiyo binti aliacha kumwita Ayo, kama mtoto wa Kiborana anavyomwita mama yake, akawa anamwita Mama Wario, kwa jina la kaka yake, vile vile wanavyomwita wanunuzi wa maziwa. Kila sikukuu alipiga simu, tena kwa adabu zote: salaam aleikum Mama Wario, afya yako Mama Wario. Afadhali angemtukana! Sasa Nasteha alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Kabale alitaka jambo moja tu: aitwe Ayo tena, kabla masikio yake hayajazeeka.

Basi akaandaa gorfa, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi. Aliwasha kijiti cha ejersa, mzeituni wa mwituni, akakizungusha ndani kikiwa na moto, akafunika, akafungua, akarudia. Kila mwanamke ana mkono wake wa kufukiza. Mtoto aliyekua kwenye moshi wa mama yake anaweza kufumbwa macho, akanusa gorfa kumi na kukuonyesha ya kwao. Kabale alitia humo maziwa ya ngamia yaliyoganda, akafunga kifuniko kwa kamba ya ngozi, na vijiti vilivyobaki akavifunga kwenye pindo la leso.

Safari ya siku mbili hakuikumbuka vizuri. Alilala, akaamka, nje kukawa na miti asiyoijua, akalala tena. Asubuhi ya tatu alijikuta ndani ya boti, gorfa mapajani, na pande zote maji, maji, maji. Hewa ilikuwa ya uvuguvugu na yenye chumvi, na mwanga ulicheza juu ya mawimbi mpaka hakujua kama bado anaota. Kisiwa kilikuwa kinasogea kwelikweli. Minara, kuta nyeupe, minazi, vyote vilimjia taratibu.

"Maji yote hii ni ya nani?" akamwuliza nahodha.

"Ya Mungu, mama."

"Na nani anapanga zamu ya kunywesha mifugo?"

Nahodha alidhani anataniwa. Kabale hakuwa na utani. Kwao kila kisima kina mwenyewe na kila kundi lina siku yake, na hapa maji yamelala tu, hayana hata mtu mmoja wa kuyalinda. Ilimtia uchungu kidogo.

Nyumba ya wakwe ilikuwa ya mawe, ndefu kwenda juu, ya ghorofa mbili, na paa la makuti. Bi Khadra, mama mkwe wa Nasteha, alimpokea kwa udi na kahawa. "Karibu mamangu, hapa ni kwako." Kabale alimpenda papo hapo, na hilo likamkera, maana miaka minne alikuwa amejiandaa kumchukia.

Nasteha alishuka ngazi na mtoto kifuani. Alikuwa amenenepa, amependeza, amevaa kama watu wa huko. Akainama na kuubusu mkono wa mama yake.

"Karibu, Mama Wario. Pole na safari."

Kabale akamnyooshea gorfa.

"Weka hapo mezani. Nitakunywa baadaye."

Hakunywa. Siku ikapita, na ya pili. Kabale alikaa dirishani akisikiliza kwato za punda vichochoroni, akisinzia, akiota yuko Isiolo anakiota kisiwa. Joto lile la unyevu likayaharibu maziwa. Asubuhi ya siku ya tatu alifungua kifuniko, akanusa, akajua. Akayamwaga mwenyewe, kimya kimya. Moyo ulimuuma hasa. Akaamua kurudi kwao na boti ya adhuhuri.

Lakini hakuna mwanamke wa Kiborana anayesafiri na gorfa ambayo haijafukizwa. Ingekuwa aibu mpaka kwa ngamia. Akaiosha, akaomba makaa jikoni, akapanda navyo hadi chumba chake cha juu. Kwa kuwa alikuwa analia na hakutaka kuonekana, akafunga mlango na dirisha. Hapo ndipo alipokosea. Nyumba za miti na mikeka za kwao Garbatulla, alikozaliwa, zinapumua, moshi unajipitia popote na hakuna anayegeuza shingo. Kuta hizi za mawe hazipumui hata kidogo. Moshi ulizunguka chumba, ukapata njia moja tu, ukapanda na kutokea katikati ya makuti, mweupe na mzito, mji mzima ukitazama.

"Motooo! Moto kwa Bi Khadra!"

Punda walilia. Ndoo zikaja mbio kutoka nyumba saba. Kabale, macho yanamchuruzika, hakusikia lolote mpaka mlango uliposukumwa na maji ya kwanza yakamlowesha kuanzia kichwani. Wanaume sita walisimama mlangoni wakimtazama mama mzima aliyekumbatia chombo kinachofuka moshi. Alitamani sakafu immeze.

Halafu wakasogezwa pembeni. Nasteha alipita, pekupeku, nywele wazi, mtoto mkononi. Alisimama. Pua yake ilinusa mara moja, mara ya pili, na uso wake ukawa wa binti wa miaka saba anayesubiri maziwa asubuhi.

"Rudini na ndoo zenu," akawaambia watu, huku anacheka na kulia. "Si moto, jamani. Ni Ayo."

Watu hawakuelewa, wakaondoka wakinung'unika. Nasteha akaketi sakafuni kwenye maji, akaichukua gorfa, akauzamisha uso ndani yake, akavuta ule moshi.

"Umechelewa miaka minne, Ayo."

"Nimechelewa," akasema Kabale. "Ulimi yangu ndio mbaya. Nisamehe, mwanangu."

Nasteha alimweka mtoto mapajani mwa bibi yake, palipolowa, na mtoto akapiga chafya kwa ule moshi. Boti ya adhuhuri ilipopiga honi gatini, Kabale alikuwa anamwuliza Bi Khadra kama kisiwa kizima hakina ngamia hata mmoja.