Nguzo ya Chumba cha Agnela

Mlio ulianza juma la pili baada ya mazishi ya fundi Athumani. Haukuja usiku, wakati ambao mtu angeweza kuusingizia usingizi. Ulikuja saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali juu ya mashamba ya Ngaramtoni na mbuzi wa jirani wakilia kwenye kamba zao. Ko, ko, ko. Kimya kidogo. Kisha ko moja, chini zaidi, kama aliyegonga ameinama.

Ludovick alikuwa varandani akinoa panga. Aliliacha jiwe la kunolea, akasikiliza. Mlio ulitoka pembeni mwa nyumba, kwenye nguzo ya chumba cha binti yake.

"Ni bati hizo," mkewe Kandida alisema kutoka jikoni, bila kuulizwa. "Jua likipungua zinajikunja."

"Labda," Ludovick alijibu.

Lakini bati hazikufika pembe ile. Juu ya chumba kile palikuwa na zege tupu, slabu iliyomwagwa ili siku moja ibebe tanki la maji. Aliyajua hayo kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa kuwa nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, yeye na Athumani.

Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo kwenye shamba la kahawa, miaka ishirini na sita ya kuhesabu magunia. Ujenzi hakufundishwa na mtu darasani. Alijifunza kwa kutazama, kuuliza, na kuandika jioni kwenye daftari kile alichokiona mchana. Athumani, Mrangi wa Kondoa aliyezeekea Arusha, alipenda wateja wa namna hiyo. Alimfundisha kutia mchanga kwenye chupa ya maji, kuitikisa na kuiacha mpaka asubuhi, ili aone tope limekaa unene gani juu ya mchanga. Alimfundisha kwamba tofali likianikwa juani bila kumwagiliwa maji linakuwa biskuti. Na kila siku saa kumi, kabla ya kwenda kutawadha aswali alasiri, alipita kwenye kazi ya siku zilizotangulia, akaigonga kwa mpini wa mwiko, mara tatu juu na mara moja chini, sikio likiwa karibu na ukuta.

"Kitu kilichojaa hujibu upesi, Baba Agnela," alikuwa akisema. "Kilicho kitupu hufikiri kwanza."

Mwezi Machi wa mwaka uliopita, dada yake Athumani alifariki huko Kondoa. Fundi aliaga asubuhi, mkoba begani. "Nguzo ya pembeni iache," alisema. "Hiyo itabeba maji. Nikirudi Jumatatu tutaimwaga pamoja."

Ludovick angeiacha. Ila kokoto zilikuwa zimeshushwa, saruji ilikuwa imeanza kushika unyevu, na juu ya Meru wingu lilikuwa limekaa siku mbili bila kuondoka. Tena, ukweli usemwe, alitaka kumwonyesha Athumani kitu. Alitaka fundi arudi aikute nguzo imesimama, aseme, "Umehitimu." Basi akatafuta vibarua wawili pale gulioni, wakachanganya. Zege lilikuwa zito, halishuki kwenye boksi la mbao, akaongeza maji. Likashuka vizuri mno. Kushindilia kwa nondo, kazi ya kuchokoa kila tabaka mpaka hewa itoke, waliifanya kidogo, kwa kuwa matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameshaanza kuanguka.

Siku ya tatu alifumua mbao peke yake. Kuanzia gotini mpaka kiunoni nguzo ilikuwa imejaa matundu kama sega la nyuki. Kokoto zilikuwa zimeshikana kwa ncha tu, na ndani, nondo zilionekana kama mbavu.

Alikaa juu ya ndoo muda mrefu akizitazama. Kisha akakoroga saruji nzito, akaziba midomo ya matundu, akapiga plasta, akailainisha kwa sponji. Jioni aliimwagilia maji taratibu, kama mtu anayemwagilia kitu halali.

Athumani aliporudi aliigonga. Mara tatu juu, mara moja chini. Akasimama. Akagonga tena chini.

"Ulishindilia?"

"Nilishindilia."

Fundi aliufuta mpini wa mwiko kwa kiganja, akaenda kuendelea na kazi nyingine. Hakuuliza tena. Slabu ikamwagwa, ikashika, ikakaa mwaka mzima bila kubeba chochote zaidi ya kunguru. Na mwezi wa pili mwaka huu kifua kilimbana Athumani siku tatu, akaondoka. Ludovick alikwenda mazishini, akatupa udongo wake kaburini, akarudi na swali ambalo hakukuwa na mtu wa kumpelekea. Je, alisikia? Na kama alisikia, alinyamaza kwa nini?

*

Agnela alikuja nyumbani kwa uzazi, kama ilivyo kawaida, ili mama yake amlishe mtori na kumkanda. Mtoto, Fransiska, alikuwa na wiki tano. Walipewa chumba cha pembeni kwa sababu ndicho chenye joto. Mumewe Rodrick alikuwa Mererani kwenye machimbo, na kutoka huko alituma habari njema: amenunua tanki la lita elfu mbili, zawadi kwa wakwe. Bomba la mtaa lilitoa maji mara mbili kwa juma, na Kandida alikuwa amechoka kuhesabu ndoo za nepi.

"Ijumaa linaletwa," Agnela alisema, akicheka. "Baba, utaacha kutugombeza tukioga."

"Ijumaa si mbali?" Ludovick aliuliza.

"Mbali? Leo Jumapili, Baba."

Lita elfu mbili ni tani mbili. Hilo halikuhitaji daftari.

Alasiri ile Godbless, mwalimu kijana aliyekuwa anajenga kwenye kiwanja cha chini yao, alipita baada ya ibada. Alipenda kumwuliza Ludovick mambo ya ujenzi.

"Shikamoo, profesa."

"Marahaba. Msingi umefikia wapi?"

"Msingi tayari. Sasa nguzo. Vibarua wangu wanataka zege liwe uji kabisa, eti linashuka lenyewe. Nikawaambia ngojeni nimwulize mzee, maana nyie hata chai mnaikoroga vibaya."

Ludovick alimtazama kijana huyu, viatu vyake vya kanisani vimechafuka vumbi. "Usiongeze maji," alisema polepole. "Maji ya ziada yakikauka yanaacha nafasi yake. Mwaga kidogo kidogo, kila futi moja shindilia mpaka usione hewa ikipanda. Na ukifumua ukakuta matundu..."

"Niyazibe?"

Ko, ko, ko, kutoka pembeni. Kimya. Ko.

"Usiyazibe," Ludovick alisema. "Vunja."

"Vunja yote? Mzee, hiyo ni hasara!"

"Vunja, Godbless."

Kijana aliondoka akiwa na furaha, akimsifu.

Jumatano Agnela alitoka chumbani, mtoto begani. "Baba, huyu anayegonga nje ni nani? Kila siku saa hizi. Mtoto anageuza kichwa kule kule ukutani, halii, anatazama tu. Mimi sipendi."

"Mama yako anasema ni bati."

"Wewe unasemaje?"

Ludovick alizunguka nyumba. Hapakuwa na mtu, wala mti uliokaribia, wala panya. Alipohakikisha hakuna anayemwona, alichukua mpini wa nyundo akagonga mwenyewe, mara tatu juu. Nguzo ilijibu upesi. Akainama, akagonga chini.

Nguzo ilifikiri kwanza.

*

Ijumaa tanki lilikuja limefungwa kamba kwenye guta la magurudumu matatu, jeusi, limekaa kama ng'ombe aliyelala. Fundi bomba alikuwa Shamsudin, mtoto wa kwanza wa Athumani. Ludovick hakumtafuta, Rodrick ndiye aliyempigia simu, kwa kuwa alikuwa na namba ya familia ile.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Shamsu. Pole tena na msiba."

"Tumeshapoa." Alikuwa na uso wa baba yake lakini mikono ya haraka. Hakugonga ukuta wowote. Alipanda ngazi, akapima slabu kwa pimamaji, akashangilia. "Kitu kimelala kama maji ya beseni! Baba alikuwa akiisifu sana nyumba hii. Anasema, mkitaka kuona mtu asiye fundi aliyejenga kama fundi, nendeni kwa Baba Agnela."

"Alisema hivyo?"

"Mpaka tukachoka kusikia."

Ludovick alisubiri maneno yale yampunguzie uzito. Hayakumpunguzia. Kama Athumani hakujua, basi alidanganywa mpaka kaburini. Kama alijua, alibeba uongo wa mtu mwingine akaupamba kwa sifa. Na sasa hakukuwa na mtu duniani ambaye angemkamata. Ilikuwa juu yake tu.

Tanki lilipandishwa na watu wanne kwa kelele na utani. Likakaa. Slabu haikutikisika. *Limekaa,* Ludovick alijiambia. *Tutajaza nusu tu. Nusu ni tani moja.* Halafu akajiuliza nani atakayesimama pale kila siku ya maji, miaka yote, kuhakikisha ni nusu.

Chumbani Agnela alikuwa akimwimbia mtoto. Shamsudin aliunga mpira, akafungua koki. Maji yalianza kupiga chini ya tanki, yakitoa sauti kubwa ya utupu, kisha sauti ndogo, kadiri yalivyopanda.

Saa kumi ilifika.

Ludovick alikuwa amesimama chini ya nguzo, mikono yake yote miwili ikiwa mitupu. Wabebaji walikuwa getini wakinywa soda. Shamsudin alikuwa juu, anakaza bomba. Mlio ukaja. Mara tatu, karibu na kifua chake. Aliona vumbi dogo la plasta likidondoka. Kisha mara moja, chini, karibu na goti.

Shamsudin alichungulia kutoka ukingoni.

"Nani anagonga huko?"

"Hakuna anayegonga."

"Mzee, ule ni..." Aliinama zaidi ukingoni. "Baba ndiye aliyekuwa akigonga vile."

"Funga maji," Ludovick alisema. "Fungua koki ya chini, yatoke yote. Ushuke, mwanangu. Agnela! Toka na mtoto. Toka sasa hivi, acha vitu!"

Agnela alitoka mbio, kanga ikiburutika, mama yake nyuma yake akiuliza kuna nini, kuna nini. Na pale uani, maji yakimwagika kutoka juu na kuchimba mfereji miguuni pake, Ludovick aliwaambia. Hakurefusha. Alisema mvua, maji ya ziada, matundu, plasta. Alisema, "Athumani aliniuliza, nikamdanganya."

Kandida alishika kichwa. "Baba Agnela! Mjukuu wako amelala humo wiki tano!"

"Najua."

"Unajua! Unajua ndiyo jibu?"

Shamsudin alimtazama Ludovick kama baba yake alivyomtazama siku ile alipouliza, kisha akaenda kutafuta mirunda, miti ya kuegemeza. Waliipachika minne chini ya slabu, wakaikaza kwa kabari, ndipo akachukua tindo na nyundo.

Plasta ilitoka kwa pigo la kwanza, bamba zima, kama ganda la yai lililochemshwa. Nyuma yake hapakuwa na sega la nyuki tena. Palikuwa na shimo. Kokoto zilizokuwa zimeshikana kwa ncha zilikuwa zimeachiana moja moja, mwaka mzima, zikarundikana chini gizani. Nondo mbili zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka unene wa kalamu. Shamsudin aliingiza mkono, ukazama mpaka kiwiko.

"Ilikuwa inasimama na nini?" mmoja wa wabebaji aliuliza.

Shamsudin alitoa mkono, akautazama, akaufuta kwa kiganja cha pili. "Kesho nitaivunja yote," alisema. "Nitaimwaga upya mimi. Wewe utakaa pembeni, Baba Agnela. Hutashika hata koleo."

"Sawa."

"Na mama yangu sitamwambia."

"Nitamwambia mimi," Ludovick alisema.

Kijana alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, akakusanya vyombo vyake.

Jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya paa. Agnela aliingia ndani, mtoto amefungwa mgongoni, na Ludovick akamfuata, kwa kuwa hakujua kingine cha kufanya. Agnela alisimama sebuleni, akaweka kiganja kwenye ukuta wa kwanza.

"Huu alijenga nani?"

"Huo Athumani."

Akaenda kwenye mlango wa jikoni, akanyoosha kidole juu, kwenye boriti la zege. "Na renta hii?"

"Athumani. Nilishika ndoo tu."

"Ukuta wa bafu?"

"Mimi. Lakini huo ni mzuri, Agnela. Huo niliufanya vizuri."

Agnela alimgeukia. Alimtazama sana, macho yakienda na kurudi usoni pa baba yake, akitafuta mahali pa kushika. Ludovick aliona kwamba hapaoni. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa yaleyale aliyompa Athumani, na hakuwa na mengine.

"Na ule wa chumba chenu?"

"Mimi."

"Na huu wa korido?"

"Nusu kwa nusu. Sikumbuki nusu ipi."

Agnela aliingia chumba cha pembeni kwa hatua za haraka, akatoka akiburuta godoro. Ludovick alitaka kumsaidia. Agnela alimwashiria abaki pale pale. Akalivuta mpaka katikati ya sebule, akasimama, akatazama kuta zote nne, akalisogeza kidogo kushoto, kisha hatua moja nyuma, mpaka likawa mbali sawasawa na kila ukuta. Hapo ndipo alipomfungua mtoto mgongoni akamlaza.